Tone la Damu Kwenye Mrututu

Barafu niliinunua kwa mwenye duka mmoja wa Msamala, mtu wa Tunduru, mmoja wa wale wa kwanza mtaani kwetu kuleta friza baada ya serikali kuruhusu biashara huria. Umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Jenereta za mji zikilala, na friza nayo inalala. Lakini umeme ulipokuwepo aligandisha maji kwenye mifuko ya nailoni, na watoto wakapanga foleni hata katika kipupwe, meno yakiwagongana. Asubuhi hiyo nilimkuta amenuna. Alikuwa amesahau kreti ya soda ndani ya friza, chupa zikapasuka, naye akawa anamlaumu kila mtu, kuanzia kiwandani mpaka jirani mwenye kijicho.

"Hakuna aliyekuroga," nikamwambia. "Maji yakiganda yanataka nafasi kubwa zaidi. Chupa haikuwa nayo."

"Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu, mwalimu," akasema, "lakini aliyezoa vioo ni mimi."

Nilitia barafu kwenye chupa ya chai nikakaza mfuniko, nikaenda nayo shuleni karibu mbio. Darasa la sita tulikuwa kwenye mada ya kuelea na kuzama, na mimi sikutaka kuifundisha kwa chaki tu kama nilivyofundishwa. Nilikuwa na jagi la kioo lenye maji, msumari, na lile bonge la barafu, kubwa kama ngumi ya mwanamume. Nikawapitishia washike vyote viwili, nikauliza kipi kizito. Barafu, wakasema wote, na walikuwa sahihi. Nikatumbukiza. Msumari ukaenda chini moja kwa moja. Barafu ikazama kidogo, ikarudi juu, ikatulia huku kipande chake kidogo kimejitokeza nje ya maji.

"Kwa nini kizito kimeelea na chepesi kimezama?"

Wakaanza. Kwa sababu barafu ni baridi. Kwa sababu ina hewa. Kwa sababu Mungu amependa. Huyo wa mwisho nilimwambia akae, Mungu ana kazi nyingi asimtupie na ya darasani. Nina mdomo mkali, nilizaliwa nao, na wanafunzi wangu walishauzoea.

Nikawaambia wafikirie debe. Debe la mahindi na debe la pumba, lipi zito? Kila mtoto wa Songea ameshabebeshwa yote mawili, hakuna aliyekosea. Debe ni lile lile, nafasi ni ile ile, lakini mahindi yameshindiliwa uzito mwingi ndani yake kuliko pumba. Basi usiulize kitu kina uzito gani chote kwa jumla. Uliza kimebeba uzito gani kwa nafasi kinayochukua. Gunia zima la pumba ni zito kuliko kiganja cha mahindi, na bado pumba ni pumba. Huo ndio msongamano. Kitu chenye msongamano mkubwa kuliko maji kitazama, hata kiwe punje. Chenye msongamano mdogo kitaelea, hata kiwe gogo la kushinda watu kulibeba.

"Sasa barafu si ni maji hayo hayo?" akauliza msichana mmoja wa nyuma.

Ndilo swali nililokuwa nalingoja. Madawati yetu yalikuwa machache, wanafunzi walikaa wamebanana mpaka wa pembeni akining'inia nusu. Nikawasimamisha wa dawati moja, nikawaambia washikane mikono na kuinyoosha kabisa. Mnyororo wao ukafika karibu na mlango. Ni wale wale, nikasema, hakuna aliyeongezeka wala aliyepungua, ila kila mmoja amemweka mwenzake mbali kwa urefu wa mkono. Maji yakiwa maji, chembe zake zinabanana na kupishana kama ninyi mlivyokaa. Yakiganda, kila chembe inashika mahali pake na kuwashika wenzake kwa mbali. Uzito ni ule ule, nafasi imekuwa kubwa, msongamano umepungua. Ndiyo maana barafu inaelea, na ndiyo maana chupa za soda zinapasuka. Vitu vingi havifanyi hivyo. Mafuta yakiganda yanajikunja na kuzama ndani ya mafuta yaliyoyeyuka. Maji yana ukaidi wake.

Wale watoto walikuwa bado wameshikana mikono nilipoona mlango umezibwa. Alikuwa kaka wa shemeji yangu, yaani kaka wa mume wa mdogo wangu. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mnene, mwenye shingo iliyojaa mafuta, na siku zote aliingia mahali kwa kelele. Siku hiyo hakuwa na kelele.

"Mwalimu, twende hospitali," akasema. "Amejifungua salama, mtoto mzima. Lakini mama mtu anatoka damu."

Niliacha chupa ya chai mezani, nikapanda pikapu yake na vumbi la chaki mikononi.

Mdogo wangu alikuwa amelazwa kitanda cha mwisho wodini. Alijifungua alfajiri mtoto wa kiume, kondo la nyuma likakataa kutoka, na lilipotolewa damu ilikuwa imeshamwagika nyingi. Sasa ilikuwa imezuiwa, lakini iliyobaki ilikuwa kidogo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilikishika kiganja chake nikakigeuza. Kilikuwa cheupe, na baridi. Alifungua macho, akanitambua, akayafumba. Mama yetu alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, amempakata mtoto, rozari imezungushwa kwenye kidole.

"Daktari anasema aongezwe damu leo hii," mama akaniambia. "Kwenye jokofu lao hakuna ya kundi lake. Wanataka ndugu watoe."

"Sasa ndugu wako wapi?"

"Nje. Wanakaa kikao."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikatoka. Kweli, kwenye majani upande wa jiko la wagonjwa walikuwa wamekaa, upande wa mume huku, wa kwetu kule, katikati wameacha nafasi kama wanaposhauriana posa. Mwenye kikao alikuwa baba mkubwa wa shemeji yangu, mzee wa Kingoni, koti la suti lililotoka kwenye mitumba limemkaa vizuri kuliko alivyostahili. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia shikamoo, ingawa moyoni nilitaka kupindua kikao kizima.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Tumeshafikia mahali. Mke ni wetu, mtoto ni wetu, basi damu itoke kwetu kwanza. Haitapendeza kuanza na kwenu, itakuwa kama tumeshindwa kumtunza."

"Baba, anakufa."

"Ndiyo maana tunachagua vizuri." Akamnyooshea kidole yule kaka mnene. "Huyu. Huyu mwenyewe unamwona. Ana damu ya kutosha watu watatu."

Wote wakaitikia kwa vichwa, wa kwao na wa kwetu. Wakamtazama mnene wao kwa fahari, naye akavuta pumzi na kujaza kifua. Shemeji yangu, mume mwenyewe, alikuwa amekaa pembeni anang'oa majani moja moja. Alikuwa fundi seremala, mkimya, mwembamba lakini mwenye misuli. Hakuna aliyemtaja. Mimi nilikuwa mwembamba kuliko wote pale, tangu utoto waliniita kijiti, na hakuna aliyefikiria hata kunitazama.

Maabara ilikuwa chumba chenye dirisha moja. Bwana wa maabara alikuwa mtu wa makamo, koti lake jeupe limepauka, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mezani alikuwa na chupa ya kioo yenye maji ya buluu ya kupendeza. Baba mkubwa aliyaona akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo si mrututu, dawa ya ukungu? Kule Umatengo wanapulizia kwenye kahawa."

"Ni mrututu, mzee," bwana wa maabara akasema. "Hauingii mwilini mwa mtu. Umechanganywa na maji kwa kipimo, uwe na uzito ninaoujua. Nadondosha tone la damu humo. Damu yenye chembe nyekundu za kutosha ni nzito kuliko maji haya, inazama. Iliyopungukiwa ni nyepesi, inaelea. Ikielea simtoi mtu damu, maana na yeye anaihitaji."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Somo langu la asubuhi lilikuwa limenifuata mpaka pale, na safari hii aliyekuwa anangoja jibu alikuwa mdogo wangu.

Akamtoboa kidole yule mnene, akavuta damu kidogo, akaishikilia juu ya chupa. Tone likaanguka. Liliingia ndani ya buluu jeusi jeusi, likashuka karibu nusu, na baba mkubwa akaanza kucheka kwa furaha. Kisha likasimama. Likakaa pale katikati kama linafikiri. Halafu, polepole, likaanza kupanda, likafika juu, likatulia.

"Rudia," baba mkubwa akasema.

Bwana wa maabara alirudia, akahakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani ya tone, maana hewa nayo hudanganya. Likapanda tena. Yule mtu mkubwa akatazama kidole chake kama kimemsaliti. Nilimhurumia. Ukubwa wake ulikuwa wa kweli, hakumdanganya mtu. Sisi ndio tuliopima gunia badala ya kupima kilichomo. Bwana wa maabara alimwambia aje apimwe minyoo na malaria, akaita mwingine.

Hakukuwa na muda wa kikao kingine. Shemeji yangu aliingia mwenyewe, kimya, akaweka mkono mezani. Nilimwona anatetemeka, nikadhani ni kwa ajili ya mke wake. Tone lake lilianguka, halikusimama popote. Lilikwenda chini moja kwa moja mpaka kwenye kitako cha chupa.

Jamani, nilishukuru. Nilimshika bega, mimi ambaye sikuwahi kumpenda sana. Bwana wa maabara akamfunga mpira mkononi, akachukua damu kidogo kwenye chupa ndogo kwa vipimo vingine, vya kundi na vya magonjwa, akatuambia tukae nje kwenye benchi.

Tulikaa. Kundi lake lilifaa, hilo tuliambiwa mapema. Kisha mlango ukafungwa na haukufunguliwa. Mama alitoka wodini, akatutazama, akarudi bila kuuliza. Baba mkubwa alisinzia. Shemeji hakukaa, alisimama anaangalia ukuta. Mara mbili nilikwenda kumwona mdogo wangu, na mara zote mbili ilibidi niiname sana ndipo nisikie kwamba anapumua. Mara ya pili nilikwenda nyuma ya wodi nikalia kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Mlango ulipofunguliwa, bwana wa maabara alikuwa anatazama sakafu.

"Huyu hatutamtumia," akasema. "Mwingine."

"Kwa nini?" nikauliza. "Imezama. Sote tumeiona."

"Kuzama ni uzito tu, mwalimu."

Haikuwa desturi wakati ule kumwambia mtu alichokutwa nacho. Mtoa damu alikataliwa, basi, akaenda zake. Kulikuwa na magonjwa zaidi ya moja yaliyoweza kumfanya mtu akataliwe, nilijua hivyo, ila miaka ile jina lililokuja kichwani kwa kila mtu lilikuwa moja, na kila familia pale Songea ilikuwa imeshazika mtu wa ugonjwa huo huku ikisema ni kifua au ni kurogwa. Debe la mahindi likiwa zito halikwambii kama yametiwa dawa. Shemeji aligeuka, akatembea kuelekea getini, hakukimbia. Hakuna aliyemwita.

"Niingie mimi," nikasema.

"Mwanamke?" Baba mkubwa alikuwa ameamka kabisa. "Wewe damu yako inatoka kila mwezi, utabaki na nini? Na mwili wenyewe huo."

"Baba, mmechagua kwa mwili, tumeona matunda yake. Sasa nipishe."

Sijawahi kumjibu mzee hivyo, na sikuomba radhi. Niliweka kidole mezani. Na hapo, nikiwa nimeshajitapa mbele ya watu, hofu ikaniingia. Niliwahi kuishi na mwanamume miaka kadhaa kabla hatujaachana, na nilichojua juu ya nyendo zake ni kile alichonieleza. Mlango ule ukifungwa ungefungwa kwa ajili yangu pia. Nilitaka kutoa na nilitaka kukimbia, vyote kwa pamoja.

Tone langu lilianguka, likasimama katikati. Nikalikumbuka tone la yule mnene, lilivyosimama hivyo hivyo kabla ya kupanda. Lilikaa pale katikati ya buluu, halishuki, halipandi. Kisha likainama upande mmoja, likaanza kwenda chini, taratibu mno, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mpaka likagusa kitako.

"Limezama," bwana wa maabara akasema. "Kwa shida, lakini limezama."

Akachukua ya vipimo, akafunga mlango. Ule ungojaji sitauelezea. Nilihesabu makosa ya yule mwanamume niliyeachana naye, moja baada ya jingine, nikayakumbuka hata yale niliyokuwa nimeshayasamehe. Mlango ulipofunguliwa safari hii alikuwa ananitazama mimi, si sakafu.

"Mwalimu, ingia ulale."

Nililala kwenye kitanda chembamba nikaona damu yangu inapita kwenye mpira, nyeusi kuliko nilivyodhani. Nililia tena, na safari hii nilijua ni kwa nini. Jioni, kabla jua halijazama, ilikuwa inadondoka kwenye mkono wa mdogo wangu. Mama akakaa chini ya mfuko wa damu na kuutazama bila kupepesa, kana kwamba akigeuka utaacha kudondoka.

Baada ya siku chache alikaa kitandani mwenyewe. Midomo ilikuwa imerudi rangi yake. Nilimpelekea uji wa ulezi, nikamkuta ananyonyesha, mama anamkunjia nepi miguuni.

"Dada, naambiwa nina damu yako," akasema.

"Ndiyo. Jiandae, na mdomo utakuja kuwa mkali."

Alicheka, akashika tumbo lililokuwa bado linamuuma. Akanywa uji kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia jambo dogo, kwamba baba wa mtoto amekuja jana anasikitika sana. "Alitaka kutoa yeye. Anasema tone lake likaelea. Anasema damu yake imepungua, tukitoka hapa nimpikie matembele."

Mama aliinua macho kutoka kwenye nepi, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nilielewa anachotaka. Alitaka binti yake apone kwanza, arudi kwake, mengine Mungu anajua. Na yule mwanamume nilimwonea huruma pia, naapa, maana hata yeye hakuambiwa kitu, alikisia kama tulivyokisia sisi, na hofu ndiyo iliyomtungia ule uongo. Lakini kichwani nilimwona mdogo wangu amerudi nyumbani, anachuma matembele, anampikia mtu dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao, na usiku anaingia naye kitandani.

"Halikuelea," nikasema.

Mama akaita jina langu kwa sauti ya chini.

"Halikuelea," nikarudia. "Nilikuwepo. Lilizama kuliko langu."

Mdogo wangu aliweka kikombe pembeni. Nilimwona anapanga mambo kichwani, moja juu ya jingine, bila haraka.

"Lilizama," akasema.

"Ndiyo."

"Na hawakuichukua."

"Hawakuichukua."

Alimtazama mtoto aliyekuwa kifuani kwake, anavuta ziwa kwa nguvu, ngumi zake zimefumbwa. Akamshika kisogo kwa kiganja. Hakumtoa ziwani. Mama alikuwa ameanza kulia bila sauti, nepi mkononi.

"Kaniitie yule bwana wa maabara," mdogo wangu akasema. "Mwambie aje na sindano, na akimaliza aniambie mimi mwenyewe."

Nikaenda kumwita.